Kaskazi nyingine: jinsi ya kuiona nuru ya kaskazini kwa macho yako

Kwetu Tanga kaskazi ni upepo. Huingia mwisho wa mwaka, huvuma mpaka Machi, na ndio ulioleta majahazi ya Arabuni enzi za mabibi zetu. Huku ninakoishi sasa, miezi hiyohiyo ndiyo ya kukaza shingo na kutazama nuru ya kaskazini, mwanga wa rangi unaocheza angani usiku. Niko Tromsø, mji wa kisiwani kaskazini mwa Norwei, nyuzi 69 na ushee kutoka ikweta. Nilifika 2016, na tangu hapo kazi yangu ni kuhudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Kila msimu napokea simu kutoka nyumbani, Mombasa, Muscat, hata Minneapolis: dada, nataka kuja kuiona hiyo nuru, nianzie wapi? Nimekuwa nikijibu vipandevipande. Leo naandika yote, kwa mpango uleule ninaoutumia nikipokea wageni wangu.

Kabla ya tiketi na makoti, shika neno hili: tafuta anga safi kwanza, nguvu ya nuru baadaye. Wageni wengi hufika wakiulizia namba za jua, wakati kinachowanyima kuona ni mawingu. Nuru hii huwaka kilomita 100 na zaidi juu yetu, na mawingu yapo kilomita chache tu. Wingu likifunga, hata ingewaka nuru ya karne usingeona kitu.

Inatoka wapi

Jua halimwagi mwanga na joto peke yake. Hupuliza pia upepo wa chembe zenye umeme. Sumaku ya dunia huukinga upepo huo, lakini baadhi ya chembe huelekezwa na kushuka kwa kasi maeneo ya karibu na ncha, zikagonga hewa nyembamba ya juu, na hewa hiyo ikang'aa. Oksijeni ya kilomita 100 hadi 150 hutoa kijani, ndiyo rangi utakayoiona zaidi. Oksijeni iliyo juu ya kilomita 200 hutoa wekundu. Nitrojeni huchangia zambarau na waridi, hasa kwenye pindo la chini nuru ikicharuka.

Haiwaki juu ya ncha yenyewe. Huwaka katika mviringo, kama taji, unaoizunguka ncha ya sumaku, na Tromsø ipo chini ya taji hilo. Kwa hiyo hapa hatuhitaji tufani kubwa kutoka kwenye jua. Utasikia watu wakitaja Kp, kipimo cha msukosuko wa sumaku ya dunia, kinachoanzia 0 hadi 9. Mtu wa Oslo, mji mkuu ulio kusini, husubiri Kp 5 au zaidi. Sisi tukipata 1 au 2 na anga safi, tunavaa viatu.

Mwanasayansi wa hapa Norwei, Kristian Birkeland, alijenga kituo juu ya mlima Haldde, karibu na mji wa Alta, mwaka 1899, ili akeshe na nuru hii wakati wa baridi kali. Baadaye aliweka tufe dogo la sumaku ndani ya sanduku la kioo lililoondolewa hewa, akapitisha umeme, na tufe likang'aa kuzunguka ncha zake. Sura yake ilikuwa kwenye noti ya kroner 200 niliyoikuta nilipofika. Nilikuwa nikiiangalia dukani na kujiambia kwamba nchi inayomweka mtu wa namna hiyo kwenye noti inaithamini nuru yake.

Uje lini

Msimu unaanza mwishoni mwa Agosti na kuishia mwanzoni mwa Aprili. Miezi mingine nuru ipo, ila giza hakuna. Tarehe 10 Mei 2024 jua lilileta tufani ya sumaku ambayo mfano wake haukuwa umeonekana tangu 2003. Watu wa Italia, Florida na Mexico walipiga picha za anga jekundu. Nilikuwa zamu ya usiku hapa Tromsø, nikatoka nje mara tatu, na mbingu ilikuwa nyeupe kama alfajiri. Huku mwezi wa Mei usiku hauingii giza. Nililia kidogo siku ile, nakiri.

Septemba ni mwezi mzuri kwa asiyetaka baridi: maji bado hayajaganda, na nuru hujirudia ndani ya ziwa. Oktoba na Novemba mvua na mawingu huzidi upande wa pwani. Kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa. Usidhani basi ni giza la saa 24. Mchana huwa na mwanga wa buluu wa saa chache, halafu usiku mrefu. Ni kipindi kizuri, lakini kinachosha mwili wa mtu aliyezoea jua la Raskazone, kwetu Tanga.

Ukiniuliza mimi, njoo kati ya nusu ya pili ya Februari na mwisho wa Machi. Mchana una jua, theluji ipo, na siku zinazokaribia tarehe 20 Machi, usiku na mchana vinapolingana, nuru huwa na tabia ya kuchangamka zaidi. Septemba ni hivyohivyo. Mwezi mpevu usikutishe. Hufifisha nuru dhaifu, lakini hukuonyesha milima.

Wapo wanaohofia kwamba wamechelewa kwa sababu jua lilifika kilele cha mzunguko wake wa miaka 11 mnamo 2024. Chini ya taji hakuna kuchelewa. Kilele kinawasaidia zaidi watu wa kusini.

Usiku mmoja hautoshi

Usije kwa usiku mmoja. Usije kwa usiku mbili. Panga minne, mitano ikiwezekana, kwa kuwa mawingu ya pwani hukaa siku mbili tatu bila kubanduka. Binamu yangu wa Mombasa alikuja usiku mmoja tu akiwa njiani kuelekea kwenye mkutano wa kazi. Alilipia safari ya basi na kampuni fulani, wakampeleka kambini, wakakaa saa nne chini ya wingu wakila supu, wakarudishwa. Hawakusogea hata kilomita moja kutafuta uwazi. Alirudi kwangu saa nane usiku, macho mekundu, na asubuhi alikuwa na ndege.

Kwa hiyo ukilipia safari, uliza maswali haya kabla ya kutoa kadi: wakikuta mawingu, wanahama? Wako tayari kufika hadi mpakani mwa Finland? Mnakaa nje saa ngapi? Wanatoa ovaroli za baridi na viatu? Gari dogo la watu wanane au kumi na watano, dereva wake akiwa anasoma ramani ya mawingu njia nzima, ni bora kuliko basi kubwa linalokwenda palepale kila siku. Bei kwa mtu mmoja mara nyingi hupita kroner 1,000. Ni hela nyingi, na ndiyo maana nasisitiza uulize.

Kukodi gari mwenyewe? Kama hujawahi kuendesha juu ya barafu, usianze usiku, mlimani, huku unatazama juu. Nimeona magari yameegeshwa katikati ya lami, taa zimezimwa, watu wanapiga picha. Hilo ni jambo la kuua. Egesha kwenye maegesho tu, na vaeni riflekta kama za bodaboda. Hapa watoto wa shule wanazivaa, nawe uvae.

Asiye na gari asikate tamaa. Juu kabisa ya kisiwa kuna ziwa Prestvannet, unapanda kwa miguu kutoka mjini, na taa za nyumba zinapungua. Telegrafbukta, ufuo wa kusini, uko wazi kuelekea baharini. Wenye gari huenda Ersfjordbotn kwenye kisiwa cha Kvaløya, ambako hori la bahari limeingia katikati ya milima iliyochongoka. Lakini pwani ikifunga, elekea bara, Skibotn, zaidi ya kilomita 100 kwa barabara. Upepo wa magharibi hubeba mawingu, ukigonga safu ya milima ya Lyngen unayaacha hukohuko, na nyuma yake bonde la Skibotn hubaki kavu. Chuo kikuu chetu kimeweka kituo cha kutazamia anga hapo kwa sababu hiyo. Ukiendelea kupanda unafika Kilpisjärvi, Finland. Beba pasipoti.

Kusoma utabiri

Mimi naanza na Yr, utabiri wa hali ya hewa wa Norwei. Natazama mawingu saa kwa saa kwa sehemu tatu: Tromsø, Skibotn, Kilpisjärvi. Palipo na uwazi ndipo ninapokwenda. Baada ya hapo ndipo nafungua vipimo vya upepo wa jua vinavyotolewa na kituo cha Marekani cha NOAA. Kuna chombo angani, kilomita milioni 1.5 kutoka duniani upande wa jua, kinachoupima upepo huo kabla haujatufikia, na kinatupa taarifa kama nusu saa hadi saa moja mapema. Namba ninayoijali ni Bz. Ikiwa chini ya sifuri, yaani sumaku ya upepo imeelekea kusini, mlango umefunguka. Ikikaa hasi muda mrefu, navaa. Ikiwa juu ya sifuri, nachemsha chai kwanza, maana hugeuka.

Saa nzuri ni kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa saba usiku, hasa kati ya saa tatu na saa sita. Wageni hula chakula cha jioni muda huohuo. Kula mapema.

Mavazi

Hapa nitakawia, kwa kuwa ndipo watu wa kwetu wanapoteseka. Baridi ya Tromsø yenyewe si ya kutisha, mara nyingi huwa nyuzi 3 hadi 8 chini ya sifuri, ila bara huweza kushuka hadi 20 chini, na wewe utakuwa umesimama tu, hutembei.

Usivae pamba mwilini. Pamba hunywa jasho na kukugandisha. Nguo ya kwanza iwe ya sufu, mikono mirefu na suruali yake. Juu yake sweta la sufu au la manyoya laini, kisha koti na suruali visivyopitisha upepo. Viatu viwe vikubwa kidogo ili soksi mbili za sufu zikae bila kubana, maana vidole vikibanwa damu haipiti na hapo ndipo maumivu yanapoanzia. Glavu vaa mbili: nyembamba ndani, na juu yake zile zisizogawa vidole. Kofia ifunike masikio. Mjini, barabara zikiwa kioo, nunua meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu. Nimewahudumia wengi waliovunjika nyonga kwa kukosa kitu hicho.

Na jambo ambalo nadhani hutalipata kwa wauza makoti: beba kipande cha sponji, cha kutosha miguu miwili, usimame juu yake. Baridi inapanda kutoka kwenye theluji. Chupa ya chai ya tangawizi, kashata, na kanga. Kanga ni nyepesi, inafunika pua na mdomo.

Kuitambua

Mwaka wangu wa kwanza nilipitwa na nuru nikiwa nimesimama chini yake. Nilikuwa kituo cha basi, nikaona mstari wa kijivu umevuka anga, nikadhani wingu. Kesho yake mzee mmoja niliyekuwa nikimwogesha aliniuliza kama niliiona. Nikamweleza kuhusu wingu lile. Akaniambia: binti yangu, tazama nyota. Nyota zikipenya, si wingu.

Hiyo ndiyo kanuni. Nuru ikiwa dhaifu, macho yetu hayaoni rangi gizani, unaona weupe wa kijivu tu. Wingu huficha nyota, nuru huziacha. Ukiwa bado na shaka, ielekeze simu upige picha ya sekunde tatu: ikitoka kijani, ndiyo yenyewe. Yape macho dakika 20 hadi 30 yazoee giza, na ukitaka kumulika tumia tochi nyekundu. Kila ukiwasha kioo cha simu kwa mwanga mkali, unaanza upya.

Picha nazieleza kwa kifupi. Simu iwekwe hali ya usiku, juu ya stendi, isitikisike. Kamera: lenzi wazi kabisa, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 1600 hadi 3200, sekunde 5 hadi 15, fokasi kwenye nyota moja kwa mkono. Flashi zima. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, kwani baridi huimaliza. Ukirudi, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kuingia ndani, uiache ipate joto polepole, la sivyo itatoka jasho hadi ndani ya lenzi.

Karatasi pia ziandaliwe mapema. Mtanzania, Mkenya, Mkongo, sote tunahitaji viza ya Schengen. Maombi hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Kutoka Oslo hadi Tromsø ni ndege ya chini kidogo ya saa mbili. Kaa dirisha la kushoto ukija usiku au la kulia, haidhuru, ila kaa dirishani.

Usiku wa mama

Mama yangu alikuja Machi 2023, akiwa na miaka 67, na hakuwahi kuona theluji. Usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu: mawingu. Usiku wa nne Yr ikaonyesha uwazi Skibotn. Nilimvika nguo zote nilizoziandika hapo juu, akafunga mtandio wake mweupe juu ya kofia, tukaondoka baada ya kuswali Isha. Nyuzi 19 chini ya sifuri tulipoegesha.

Njiani nilimwambia alilonionya bibi mmoja wa Kisami, wenyeji wa asili wa kaskazini hii, kule kazini: nuru hii, ambayo wao huiita guovssahas, haipigiwi mluzi. Mama akajibu, "Hata kwetu mluzi haupigwi usiku, mwanangu. Mbona hilo mnalijua wote?"

Saa nne kasoro dakika 20 ukatokea upinde mwembamba upande wa kaskazini, kama moshi wa makumbi unaolala juu ya minazi asubuhi. "Ni wingu," mama akasema. "Tazama nyota, mama." Akatazama. Akanyamaza. Kwa dakika kama kumi haukusogea. Kisha upande wa mashariki ukavimba, ukawa kijani, na ghafla ukakatika vipande vilivyosimama wima, vikaanza kukimbia kuelekea magharibi, pindo la chini likiwaka waridi, kama kanga zilizoanikwa zinavyofagiliwa na upepo kamba nzima. Vikafika juu ya vichwa vyetu vikafunguka pande zote kutoka sehemu moja, kama unatazama ndani ya mwamvuli. Theluji ikawa ya kijani. Mtandio wa mama ukawa wa kijani. Kope zake zilikuwa na barafu na hazikupepesa.

"Haina sauti?" aliniuliza kwa kunong'ona.

"Haina, mama."

"Subhanallah. Kitu kikubwa hivi na hakina sauti."

Mimi nilikuwa nimeinama kwenye stendi nikihangaika na fokasi. Akanivuta mkono. "Zima hiyo, njoo usimame hapa." Nikazima. Tukasimama juu ya sponji moja, miguu minne, mpaka saa saba na robo, chai ikaisha, na njia nzima ya kurudi akawa anateremsha kioo cha dirisha kutazama kama bado ipo.